Maswali na majibu: kichanga anayepata hewa akilia tu

Pua ya kichanga kuziba ni jambo la kuogopa?
Ndiyo. Wiki za kwanza kichanga hutegemea pua kupumua. Ikiziba, hata kunyonya kunamshinda: anashika titi, anaachia, anahema, anashika tena.

Kwa kawaida huzibwa na nini?
Makamasi. Kabla ya kunyonyesha, weka tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu, kisha vuta taratibu kwa kipira cha kuvutia makamasi. Ukivuta kila saa, pua itavimba.

Bibi anataka tumtie samli puani, au tumpake dawa ya kuchua.
Bibi tunamheshimu, lakini hapana. Mafuta hushuka mapafuni yakaleta nimonia, na dawa ya kuchua inaweza kumbana pumzi. Matone ya mafua ya watu wazima nayo hapana. Wodini tunapokea vichanga wananukia dawa ya kuchua, kifua kinabonyea, na mama anasema wamekuwa "wakimtibu" nyumbani siku 3. Jamani, acheni.

Wangu akitulia anakuwa wa bluu, akilia rangi inarudi. Si ni mzima huyo?
Hapana. Mpeleke leo. Akilia anafungua mdomo, hewa inapita. Akinyamaza anaufunga, hewa inakata. Huenda matundu yote mawili yamezibwa kwa nyuma tangu tumboni. Tazama ulimi na fizi, maana kwenye ngozi yetu bluu haionekani haraka.

Lakini analia kwa nguvu!
Kilio ndicho kinachomwokoa kwa sasa, na atachoka. Mpeleke leo.

Hospitali watafanya nini?
Watapitisha mpira laini tundu moja moja. Usipopita, atawekewa kifaa cha kuacha mdomo wazi, atalishwa kwa mpira wa mdomoni, atapigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya pua), kisha upasuaji wa kufungua njia. Kwa huku kwetu rufaa huwa ni Bugando, hospitali ya kanda iliyoko Mwanza.

Tuko Ukerewe. Tusubiri meli ya asubuhi?
Msisubirie nyumbani. Nendeni kituo cha afya usiku huu huu, aanzishiwe oksijeni huku rufaa ikipangwa. Njiani msimlazimishe titi, atapaliwa. Na hata asipobadilika rangi: akihema mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea, au akishindwa kunyonya, ondokeni usiku huo huo.