Pale Chuma Kinapokunja Uso

Rangi ndiyo iliyotangulia kusema. "Ndoo, mwanangu, utizame," aliniita fundi mmoja wa kuchomelea, mtu wa makamo ya baba yangu, mwenye kibanda chake huku Langoni, Lamu. Juu ya benchi lake ililala pleti ya chuma yenye unene wa milimita 10, iliyokuwa ikishika injini nyuma ya boti ya abiria, zile zinazovuka kwenda Mokowe kutwa kucha. Ufa ulianzia ukingoni, pale grenda ya fundi wa zamani ilipoacha mkwaruzo, ukaingia ndani milimita 20. Mbele ya ncha ya ufa, rangi kavu ya miaka mingi ilikuwa imejikunja na kubanduka vigamba, eneo dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Ami, hapo ndipo chuma kilipokubali," nikamwambia.

Ukucha ule ndio kazi niliyoisomea: makanika ya mpasuko, elimu ya jinsi vitu vinavyopasuka. Ukifuata hesabu ya unyumbufu mtupu, ile inayochukulia kwamba chuma kikivutwa kitarudi kama mpira, mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo la chuma, kwenye ncha kali ya ufa hauna mwisho. Kadiri unavyoikaribia ncha ndivyo unavyopanda. Kama hivyo ndivyo mambo yalivyo, pleti yoyote yenye ufa ingekatika kwa kuguswa. Haikatiki, kwa sababu mkazo ukifika kikomo cha unyumbufu, chuma huacha kukaidi. Kinajinyoosha kabisa, hakirudi tena, na mkazo haupandi sana kupita pale. Eneo hilo sisi huliita ukanda wa plastiki. (Si plastiki ya ndoo. Ni neno la kitu kinachofinyangika kikabaki kilivyofinyangwa, kama udongo wa mfinyanzi.)

Mhandisi Mwingereza Griffith aliionyesha hesabu ya nishati ya ufa mwaka 1921, lakini alifanya kazi na kioo, na kioo hakifinyangiki. Alisema ufa hukua pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia nyuso mpya ambazo mpasuko unazifungua. Ukiichukua kanuni yake kavu ukaipeleka kwenye chuma, jibu linapotea mbali mno, maana chuma hakilipii nyuso mpya tu. Sehemu kubwa kabisa ya nishati inamezwa na kule kufinyangika kwenye ncha. Irwin huko Marekani na Orowan ndio waliolijumlisha deni hilo, baada ya meli zilizochomelewa wakati wa Vita vya Pili kuanza kukatika. Meli ya Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili Januari 1943, imefungwa gatini, maji shwari.

Sasa turudi kwenye pleti. Kwa uzito wa injini na msukumo wake nilikadiria mkazo wa megapaskali 100 (megapaskali ndiyo kipimo cha mkazo). Chuma cha kawaida kikomo chake ni kama 250. Kwa ufa wa ukingoni, ukali wa mkazo, tunaouandika K, ni 1.12 mara mkazo mara kipeuo cha pili cha (pai mara urefu wa ufa). Inatoka 28, kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Gawanya K kwa kikomo, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa pai mbili: milimita 2.

Lakini hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Ile milimita 2 ni mahali ambapo hesabu ya unyumbufu inakutana na kikomo. Mzigo uliokatwa hapo juu haujaenda popote. Umewahi kuona watu wanane wakibeba mlingoti begani kuupeleka pwani Matondoni? Wa mbele akizama tope hadi magotini, mzigo wake haupotei, unamwangukia wa pili, na wa pili akilemewa unamfikia wa tatu. Chuma ni vivyo hivyo. Punje za nchani zikikataa kubeba zaidi, jirani zao hubebeshwa, nao hufinyangika. Kwa hiyo ukanda unakuwa na upana mara mbili.

Irwin akaja na ujanja ninaoupenda sana. Alisema tuendelee na hesabu rahisi ya unyumbufu, ila tumdanganye ufa: tuuhesabu kana kwamba ni mrefu zaidi, urefu wake halisi na nusu ya ukanda juu yake. Ukirefusha ufa K inapanda, K ikipanda ukanda unapanuka, basi unarudia mpaka namba zitulie. Kwa pleti ya Ami zilitulia upesi: nyongeza milimita 2.2, K ikawa 29.6, na ukanda wote karibu milimita 4.5. Nilipoweka rula juu ya ile rangi iliyokunjamana nilicheka mwenyewe. Ilikuwa baina ya nne na tano.

Msichukue hiyo kuwa uthibitisho, rangi ni shahidi mlevi. Lakini furaha haikatazwi.

Ujanja huo una mpaka. Mpe mkazo wa megapaskali 200 badala ya 100, na nyongeza inaruka hadi milimita 13. Ukanda mzima unazidi urefu wa ufa wenyewe, na huwezi tena kuuita doa dogo ndani ya pleti iliyobaki nyumbufu. Hapo K haina la kusema. Dugdale mwaka 1960 aliuchora ukanda kama utepe mwembamba mbele ya ufa. Wells huko Uingereza aliona kingo za ufa zinaachana na ncha inakuwa butu kabla ya kuvunjika, akaupima huo mwanya. Rice mwaka 1968 akaleta hesabu ya J, inayozunguka ncha kwa mbali bila kuingia ndani ya vurugu. Nikitakiwa kuchagua kwa chuma laini, nampa Wells kura yangu, kwa kuwa kipimo chake unaweza kukiona kwa macho.

"Basi nitie pleti ya milimita 20, tumalize," akasema fundi.

Hapana, Ami, si rahisi hivyo. Pleti nene hupunguza mkazo, kweli. Lakini chuma cha katikati ya unene kinabanwa na wenzake pande zote, hakipati nafasi ya kufinyangika, na kwa hesabu ya Irwin nyongeza yake hushuka hadi theluthi. Chuma kilekile kikiwa kinene kinakuwa na tabia ya kioo zaidi. Tazama kipande kilichokatika: katikati pametulia, bapa, na kingoni pameinama kama nyuzi 45. Ile miinamo ya kingoni ndiyo chuma kilichopigana.

Tukakubaliana milimita 12, ukingo upigwe msasa mpaka usiwe na mkwaruzo, na kona ziviringwe. Boti ilikuwa na pleti ya pili upande wa kulia, yenye ufa mchanga, na nahodha hakutaka kungoja chuma kipya kutoka Mombasa. Akataka tutoboe tundu nchani, ncha isiwe kali tena, avuke wiki mbili. Fundi akashika drili akalenga pale macho yalipoona mwisho wa ufa. Nikamzuia. Tukasafisha, tukapaka mafuta ya taa, tukangoja kidogo, tukafuta kukavu, tukapaka chaki. Mafuta yaliyojificha yakapanda taratibu ndani ya ule weupe, mstari mwembamba wa kijivu, ukapita pale drili ilipolenga kwa milimita tatu.

Fundi akaitazama chaki, akanitazama mimi, akasogeza drili mbele.