Saa za zamani nazo husahihishwa

Wengi huamini kwamba masasisho ya kanda za saa kwenye kompyuta yanahusu siku zijazo tu, yaliyopita yameshapita. Sivyo. Kanzidata ya tz, yaani hazina ya rekodi za kanda za saa za dunia, inayotegemewa na simu na kompyuta nyingi duniani, husahihishwa hata kwa miaka ya nyuma, kwa kuwa rekodi zake zilikusanywa kutoka vyanzo vya kila aina, na vingine vilibahatisha.

Chukua Liberia. Hadi mwaka 1972 saa zake zilikuwa nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na sekunde 30 (naam, hata sekunde zilihesabiwa). Kanzidata ilionyesha kwamba utaratibu huo ulikoma Mei 1. Mwaka 2017 tarehe ikarekebishwa: Januari 7. Serikali ya Liberia haikugusa saa mwaka huo wa 2017. Kilichonyooshwa ni kumbukumbu. Ndiyo maana programu ile ile, ukiiuliza saa za Monrovia, mji mkuu wa Liberia, za Februari 1972, inaweza kukupa jibu tofauti baada ya kusasishwa, bila kuwa na hitilafu yoyote.

Mashaka huzidi kabla ya 1970, na mimi nisingeapa kwa dakika za huko.