Kwa nini piano haina kibonye cheusi kati ya E na F?

Tazama vibonye vya piano kwa makini. Vyeusi viko viwili, halafu pengo, vitatu, halafu pengo tena, na mpango huo unajirudia hadi mwisho. Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Vyeupe huitwa kwa herufi, C, D, E, F, G, A, B, kisha C tena. Kila penye pengo pana vibonye viwili vyeupe vilivyobanana bila cheusi katikati: E na F, kisha B na C. Anayeanza kujifunza akiuliza sababu, mara nyingi huambiwa ndivyo ilivyo, akariri tu. Naona huko ni kumnyima mtu ufunguo wa nyumba, maana ukilijibu swali hilo umeshaielewa skeli meja, ile do re mi fa so la ti do inayoimbwa kila mahali.

Jibu linaonekana vizuri zaidi kwenye gitaa. Shingo ya gitaa ina vyuma vyembamba vilivyolazwa kwa kukingama, yaani freti. Ukisogeza kidole freti moja, sauti inapanda nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye gitaa na piano. Freti mbili ni toni nzima. Sasa chukua uzi mnene kuliko yote, ule wa E. Upige ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 2, ya 4, ya 5, ya 7, ya 9, ya 11 na ya 12, huku ukiimba do re mi fa so la ti do. Utasikia skeli meja ya E, nzima, kwenye uzi mmoja.

Ziangalie namba hizo tena. Karibu kila mara umeruka freti mbili, isipokuwa sehemu mbili tu: kutoka mi kwenda fa (ya 4 na ya 5), na kutoka ti kwenda do (ya 11 na ya 12). Hapo umesogea freti moja. Toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Skeli meja ni huo mpangilio wa umbali, na unaweza kuuanzisha kwenye sauti yoyote.

Rudi kwenye piano, upande kutoka C hadi C kwa vyeupe vitupu. Mi inaangukia E, fa inaangukia F. Ti ni B, do ni C. Kati ya E na F hakuna cheusi kwa sababu hakuna sauti iliyobaki ya kuwekwa hapo: umbali wenyewe ni nusu toni tayari. Kinachotupoteza ni macho. Vibonye vyeupe vina upana mmoja, basi tunadhani hatua zake nazo ni sawa.

Jaribu kuanzia D kwa vyeupe peke yake. Sauti ya tatu itasinyaa, kama wimbo wa furaha uliogeuka huzuni ghafla. Umeenda D, E, F, na hatua ya E kwenda F ni fupi mno kwa re kwenda mi. Lazima upande hadi F shapu, yaani kibonye cheusi kilicho nusu toni juu ya F, na baadaye C shapu, ndipo skeli meja ya D ikae sawa. Mpiga gitaa hapo hasumbuki. Akijua umbo la vidole la skeli ya C lisilotumia uzi ulio wazi, analisukuma freti mbili mbele, tayari yuko D. Ndiyo maana wapo wapiga gitaa wanaocheza ufunguo wowote, yaani kuanzia do yoyote, bila kujua majina ya noti, na wapo wapiga piano wanaozitaja noti zote lakini wanaogopa kutoka C. Kila chombo kinafundisha nusu ya somo, na ningemshauri anayejifunza kimoja akishike na kingine walau kidogo.

Lakini nani alizipanga hatua hizi bila usawa? Hakuna aliyekaa akaamua. Ukiukata uzi katikati, sauti inakuwa ileile lakini juu zaidi. Hiyo ni okteva, na mitetemo imezidishwa mara mbili. Ukibakiza theluthi mbili za uzi unapata sauti nyingine inayopatana sana na ya kwanza, sawa na kutoka do kwenda so. Sasa ruka kwa mruko huo wa do hadi so, ukianzia F: F, C, G, D, A, E, B. Zikusanye sauti hizo saba ndani ya okteva moja. Umepata vibonye vyote vyeupe, na nusu toni mbili zimejitokeza zenyewe, E na F, B na C.

Usiishie hapo. Kutoka B mruko unaofuata ni F shapu, halafu C shapu, G shapu, D shapu, A shapu. Vitano, na ndivyo vibonye vyeusi, kila kimoja kikiingia kwenye mojawapo ya nafasi tano pana. (Vipige hivyo vitano peke yake, ovyo ovyo, uone visivyokwaruza sikio: hakuna nusu toni hata moja kati yao.) Ukiruka tena unarudi F, karibu. Miruko 12 ya namna hiyo inazidisha mitetemo mara 129.75 hivi, wakati okteva 7 zinazidisha mara 128. Tofauti hiyo ndogo iliwasumbua watu karne nyingi. Mwaka 1584 Zhu Zaiyu wa China alikokotoa jinsi ya kuigawa okteva sehemu 12 zinazolingana, kila moja ikizidisha mitetemo kwa 1.0595 hivi. Ndivyo piano za leo zinavyotuniwa kwa kawaida. A ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde, E iliyo juu yake ni 659.3 badala ya 660 kamili ya mruko wa theluthi mbili za uzi.

Kwenye gitaa hesabu hiyo unaigusa kwa kidole. Uzi wa milimita 650 una freti ya kwanza kwenye milimita 36 hivi, lakini kati ya freti ya 11 na ya 12 ni milimita 19 tu, na ya 12 iko katikati kabisa ya uzi.

Waimbaji waliijua siri ya mi na fa zamani sana. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliwafundisha kwa majina sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Nusu toni iko moja tu, katikati kabisa, kwa hiyo mwimbaji aliyesikia mi na fa alijua papo hapo yuko wapi.

Na hiyo ndiyo faida ya kutolingana. Piga C, D, E, F shapu, G shapu, A shapu, kisha C, toni nzima tupu. Claude Debussy, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, alipenda kuitumia skeli hiyo, na inapendeza kama ukungu, lakini hakuna sauti inayojitambulisha kuwa nyumbani, kwa sababu kila hatua inafanana na mwenzake. Kisha piga C, D, E, F, G, A, B, uinue mkono. Keti kimya na B hiyo masikioni, usikie inavyoivuta ile C iliyo nusu toni tu mbele yake.