Anayetapika Damu: Kinachofanyika Kabla ya Endoskopia

Ndugu za mgonjwa aliyeletwa akitapika damu huniuliza swali lile lile: "Daktari, mbona hamumpeleki kwenye kipimo?" Wanaona dripu, wanaona anatolewa damu ya kupima, saa zinakwenda, na kipimo cha kamera walichoambiwa bado. Nawaelewa. Lakini matibabu yameshaanza, pale pale kitandani.

Endoskopia ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni na mwanzo wa utumbo mdogo. Kwa huo tunaziba kidonda kinachovuja kwa sindano, klipu au joto, au tunafunga kwa vipete vya mpira mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) iliyovimba kwa ugonjwa wa ini. Ila kumpa dawa ya usingizi mtu ambaye presha imeanguka ni kumhatarisha. Ndiyo maana hutangulia kanula mbili nene (vimirija vya kwenye mshipa), maji ya dripu, kupima grupu la damu na kutafuta damu inayolingana. Anayetapika mfululizo au aliyechanganyikiwa huwekewa kwanza mpira wa kupumulia, damu isije ikaingia mapafuni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha wagonjwa wa hatari kubwa waliofanyiwa endoskopia ndani ya saa 6 baada ya bingwa kuitwa na waliofanyiwa kati ya saa 6 na 24. Haraka ile haikupunguza vifo. Kwa kawaida tunalenga ndani ya saa 24. Anayeshukiwa kuvuja damu kwenye mishipa ya umio, ndani ya saa 12. Yule ambaye presha yake haitulii licha ya dripu na damu, huyo hangoji.

Damu nayo haiongezwi tu. Kwa wengi tunaongeza damu pale hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita. Wenye maradhi ya moyo, mapema zaidi. Mwenye ugonjwa wa ini akiongezwa kupita kiasi, shinikizo hupanda kwenye mishipa ile ile iliyopasuka.

Kuna dawa moja huwashangaza wengi: erithromaisini, antibiotiki inayoingizwa kwenye mshipa dakika 30 hadi 120 kabla ya endoskopia. Hapa haiui bakteria. Inalisukuma tumbo limwage mabonge ya damu utumboni, kamera ipate kuona.

Nanyi mliomleta, msimpe chochote mdomoni, hata maziwa "ya kutuliza tumbo". Mlazeni kwa ubavu njiani. Mtoeni meno ya bandia. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, kisemeni hata kama hajatapika. Njooni na pakiti za dawa zake zote, ila za moyo na za kuzuia damu kuganda msimsimamishie wenyewe. Hilo tutaliamua pamoja. Na za maumivu, zile za kununua bila cheti, zitajeni bila aibu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mara nyingi nikikiona kidonda kwenye skrini, nakuwa nimeshazisikia.