Chura wa Kihansi na Panya Shamba: Kwa Nini Mmoja Analindwa na Mwingine Anadhibitiwa

Kila panya wanapofumuka mashambani hurudi lalamiko lile lile, kwamba chura wa Kihansi, korongo lililoko Tanzania, ananyunyiziwa maji kwa mitambo ilhali mkulima ameachiwa panya wake. Uchungu wa mkulima tunaufahamu. Hesabu yake ndiyo yenye kasoro.

Panya shamba jike hubeba mimba kwa takriban siku 23, huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zikiwa nzuri huzaa mfululizo. Ukiwaua wa shambani mwako peke yako, wa jirani wataziba pengo.

Chura wa Kihansi, ambaye hata akipevuka hafikii urefu wa sentimita 3, asili yake ni korongo moja tu duniani, kwenye eneo la hekta 2 hivi linalolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai bali huzaa vichura vilivyokamilika, kwa hiyo wanaotuuliza viluwiluwi vyake viko bwawa gani wasisumbuke kuvitafuta. Alitambuliwa mwaka 1996. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180 manyunyu yakapungua, ikabidi yawekwe ya kutengenezwa, kisha ugonjwa wa kuvu ukawamaliza. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichomnusuru ni vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, ambao uzao wao ulirejeshwa nchini mwaka 2010 na kuanza kuachiwa korongoni mwaka 2012.

Anayetaka kuingia korongoni awe na kibali, na viatu vyake vioshwe kwa dawa kwanza, kwa kuwa kuvu husafiri hata kwenye tope la soli. Kumkamata chura huyo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumsafirisha nje kunahitaji vibali viwili, kwani yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini: kibali cha nchi inayompokea hutangulia, ndipo cha nchi anakotoka kitolewe, wala wa porini hasafirishwi kwa biashara.

Kuhusu panya, tegeni kwa pamoja, kijiji kizima, kabla ya kupanda. Panya shamba hufukua mbegu ardhini na kukata miche michanga, hivyo anayeleta malalamiko mahindi yakiwa yamefika magotini amechelewa.