Kugeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi sauti iliyopotea

Wapo wanaonunua spika nzuri na amplifaya ya maana, kisha wanachukua nyimbo zao za MP3 (faili zilizopunguzwa kwa kutupa sehemu ya sauti) na kuzigeuza kuwa FLAC (aina ya faili inayobana sauti bila kutupa kitu), wakiamini sasa zitalia safi kama CD. Faili linakuwa kubwa mara kadhaa, ndiyo. Sauti inabaki ileile.

CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa chaneli mbili: takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 imebakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya hizo. Kilichotupwa ni kile ambacho programu ilikadiria kuwa sikio halitakisikia, na mara nyingi sauti za juu kabisa, kuanzia karibu kilohezi 16, huondoka zote. Sikiliza matoazi ya dramu au makofi ya watazamaji: badala ya mlio mkavu unasikia kama maji yanachuruzika. FLAC haipotezi kitu, ni kweli, lakini haiwezi kuhifadhi kisichokuwemo. Spika nzuri ndizo zitakazouanika zaidi upungufu huo.

Kama CD yenyewe unayo, inakili upya moja kwa moja iwe FLAC. Kama huna, tafuta MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa kutoka chanzo safi; wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD. Na spika zisogeze mbali na kona za chumba, maana hapo besi huvimba na kumfunika mwimbaji.