Kusoma namba si kumtambua mtu

"Kamera imemtambua mhalifu." Nimeisikia tena sentensi hii juzi, katika taarifa kuhusu polisi wa jiji moja la Marekani waliofunga kamera za kusoma namba za magari. Mtangazaji aliisema kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Nimeisikia mara nyingi mno na siwezi kuendelea kunyamaza, kwa sababu haielezi kinachotokea barabarani, na wanaoisikia huamua mambo makubwa kwa kuiamini.

Kamera ya kusoma namba si ngumu kuielewa. Ni kamera iliyofungwa kwenye nguzo kando ya barabara, au juu ya gari la doria, na hupiga picha kila gari linalopita. Programu hutafuta kibao cha namba ndani ya picha, huzitenga herufi na tarakimu moja moja, huzigeuza kuwa maandishi, kisha huyahifadhi pamoja na tarehe, saa na mahali. Maandishi hayo hulinganishwa na orodha ya namba zinazotafutwa: magari ya wizi, magari yaliyotajwa katika uhalifu, magari ya watu waliopotea. Yakifanana, askari hupata taarifa kwenye skrini yake. Usiku kazi haisimami, maana kamera hutumia mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni ila kibao huurudisha.

Si tochi. Tochi hupima mwendo. Hii haina habari na mwendo wako. Wala si kamera ya ulinzi ya kawaida, inayorekodi mtaa mzima na kusubiri mtu aje kutazama.

Kinachonikera ni kile kitenzi. Kutambua, katika Kiswahili, ni neno zito, nalo humhusu mtu. Tunasema kitambulisho, tunasema utambulisho, tunasema fulani sasa amejitambua. Ndugu huitwa kwenda kuutambua mwili wa marehemu, na wanaoitwa ni wale waliomjua, walio tayari kusimama na kusema: ndiye. Kusoma ni jambo jingine. Msoma mita hufika ukutani, huandika tarakimu anazoziona, huondoka. Hajui nani aliacha taa zikiwaka usiku kucha. Hajui hata kama mwenye nyumba ndiye anayeishi humo. Na akiisoma 3 kuwa 7, bili itakuja kwa hesabu ya 7.

Mchanganyiko huu una asili yake. Mfumo ulibuniwa Uingereza mwaka 1976, katika tawi la polisi lililoshughulikia utafiti wa kisayansi, na jina unaloitwa huko lina neno ambalo sisi hulitafsiri "utambuzi". Lakini wahandisi wa kompyuta wana maana yao finyu ya neno hilo. Programu inapoona alama nyeusi na kuamua kuwa ni B wala si 8, wao husema imeitambua herufi. Utambuzi uliokusudiwa ni huo tu, wa herufi juu ya kipande cha bati. Polisi wa Marekani kwa kawaida huuita mfumo huo kisomaji cha vibao vya namba, na hapo naona walipatia. Sisi tuna neno "kusoma" mkononi, jepesi na la kweli, tukaliacha tukaenda kuchukua lile jingine.

Tukishalichukua, likaanza kupanda ngazi. Kutoka kuitambua herufi tukaenda kuitambua namba, kisha kulitambua gari, kisha mmiliki, kisha dereva, na sasa mhalifu. Kila kidato cha ngazi hiyo ni swali tofauti, na mtu anaweza kuteleza palepale. Mashine huishia kidato cha pili.

Mwaka 2009, mjini San Francisco, kamera juu ya gari la doria iliisoma 3 kuwa 7 kwenye kibao cha gari lililokuwa likiendeshwa na mwanamke mmoja usiku. Namba yenye 7 ilikuwa ya gari lililoibwa. Picha ilikuwa na ukungu kiasi kwamba askari hawakuweza kukisoma kibao kwa macho. Gari lililoibwa lilikuwa la mizigo, la kijivu, na lile lililokuwa mbele yao lilikuwa Lexus ya rangi ya damu ya mzee. Hakuna aliyekisoma kibao upya kabla ya kulisimamisha. Mama yule alielekezewa bunduki, akapigishwa magoti, akafungwa pingu. Mahakama ya chini iliwapa polisi ushindi bila kesi kufika mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikairudisha kesi isikilizwe, ikisema baraza linaweza kuona kwamba taarifa ya mashine ambayo haijahakikiwa haikutosha peke yake. Hapo utelezi ulikuwa kwenye kidato cha kwanza kabisa, herufi.

Kisa cha Aurora, Colorado, Agosti 2020, nakiona kizito zaidi, kwa sababu namba ilisomwa sawasawa. Namba ileile kweli ilikuwa kwenye orodha. Ila ilikuwa ya pikipiki iliyoibwa, na ya jimbo la Montana, ilhali gari lililosimamishwa lilikuwa la familia na la Colorado. Kila jimbo la Marekani hutoa namba zake, hivyo mfuatano mmoja unaweza kuwa juu ya vyombo viwili vyenye wenyewe tofauti. Mwanamke na mabinti wanne, mdogo wao akiwa na miaka 6, walilazwa kifudifudi juu ya lami ya maegesho huku bunduki zimewaelekea. Wengine wakafungwa pingu. Mwaka 2024 jiji lilikubali kuilipa familia hiyo dola milioni 1.9. Ukisema kamera "ililitambua gari", utawaeleza nini mabinti wale? Kamera ilisoma. Kutambua kulikuwa kazi ya askari, nayo haikufanyika.

Neno usajili nalo lina somo hapa. Sajili tumelipata kwa Waarabu, kutoka sijill, yaani daftari au hati iliyoandikwa. Nao walilipata kwa njia ya Kigiriki kutoka Kilatini, sigillum, muhuri. Kwa hiyo namba ya usajili ni kielekezi cha kwenda kwenye daftari lenye muhuri. Ukilifungua, utakuta jina la mtu aliyeandikisha gari. Hutakuta aliyeshika usukani jana saa 2 usiku. Gari huazimwa, huuzwa kabla karatasi hazijabadilishwa, huibwa. Kibao chenyewe mara nyingi hushikwa na skrubu mbili tu, na mwenye bisibisi anaweza kukihamishia gari jingine kabla chai haijapoa.

Kitenzi hicho huficha pia wanaosomwa. Ukisikia "kamera hutambua wahalifu", utadhani asiye mhalifu hupita bila kuguswa. Haiwezekani. Ili mashine ijue kibao kipi kimo kwenye orodha, lazima ivisome vyote. Mkaguzi wa jimbo la California aliripoti Februari 2020 kwamba polisi wa Los Angeles walikuwa wamekusanya picha zaidi ya milioni 320, na asilimia 99.9 zilikuwa za magari ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote wakati yanapigwa picha. Huo ni usomaji wa mji mzima, watu wakienda kazini, msikitini, kanisani, hospitali, kwa mchumba.

Na hapo ndipo kitenzi cha tatu kinapoingia, ambacho wengi hawakitaji: kukumbuka. Jimbo la New Hampshire linaagiza kumbukumbu ya namba ifutwe ndani ya dakika 3 kama haikufanana na inayotafutwa. Flock Safety, kampuni ambayo kamera zake zimeenea katika miji mingi ya Marekani, kwa kawaida huhifadhi kwa siku 30. Kulinganisha namba na orodha huchukua sekunde. Dakika 3 zinatosha kusoma na kutosha tena. Siku zinazoongezwa juu yake ni za kukumbuka gari la kila mtu lilikuwa wapi, na diwani anayeombwa kupitisha mkataba wa kamera hizi anapaswa kuambiwa kwamba anapitisha vitu viwili.

Sisemi kamera hizi hazina kazi. Mwaka 2005, askari polisi mwanamke alipouawa kwa risasi katika uporaji mjini Bradford, Uingereza, kamera za namba ziliwasaidia wapelelezi kulifuatilia gari waliloondokea wauaji. Kamera zilisema: kibao hiki kilipita hapa, saa hii. Wapelelezi wakatoka na maneno hayo, wakauliza, wakapekua, wakawafikia watu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtangazaji, badilisha kidogo tu. Sema: kamera imesoma namba iliyo kwenye orodha, na askari wamelisimamisha gari. Kama baadaye wamemtambua aliyekuwa ndani, hiyo ni sentensi ya pili, na mtendaji wake ni askari.